Kichwa cha Habari Kinachoficha Habari: Magazeti ya Kiswahili kutoka Karatasi hadi Skrini

Magazeti ya Kiswahili yamo safarini. Yanahama, si kutoka mji hadi mji, bali kutoka chombo hadi chombo: yatoka katika karatasi na kuingia katika skrini ya simu. Mwananchi, lililoanza kutoka Dar es Salaam mwaka 2000, na HabariLeo, lililofuata mwaka 2006, husomwa leo kwa njia zote mbili. Taifa Leo la Nairobi, ambalo mzazi wake alikuwa gazeti la kila juma lililoanza mwaka 1958 kwa jina la Taifa, na ambalo tangu mwaka 1960 ni gazeti la kila siku, nalo lina kurasa zake katika mtandao. Mswahili aliyeko Muscat au London, ambaye zamani alilisoma gazeti la kwao pale tu msafiri alipomchukulia nakala, leo hulisoma asubuhi ileile na nduguye aliyeko Tanga.

Mengi yamekwisha kusemwa juu ya uhamaji huu, na aghalabu yahusu fedha: wanunuzi wa karatasi wamepungua, matangazo ya biashara yamekwenda kwingine, na wenye magazeti wanatafuta njia ya kumfanya msomaji alipie kitu asichokishika mkononi. Maneno hayo yana wenyewe. Sisi wa lugha yatupasa kuuliza swali jingine: gazeti lilipofunga mizigo yake, lilichukua nini, na likaacha nini? Maana gazeti si habari tu. Gazeti ni namna fulani ya kusema, na namna hiyo imefinyangwa na karatasi kwa muda wa zaidi ya miaka mia, tangu Msimulizi la wamisionari wa UMCA lilipotoka Unguja mwaka 1888.

Dai langu ni kwamba magazeti yetu yamechukua habari na kuacha mapatano. Kati ya gazeti la karatasi na msomaji wake palikuwa na mapatano matatu ambayo hayakuandikwa popote: kwanza, kwamba kichwa cha habari kitaitoa habari, pili, kwamba kilichopigwa chapa leo kitabaki kama kilivyo na kitajulikana kwa tarehe yake, tatu, kwamba likitokea kosa, gazeti litalikiri mbele ya watu. Mapatano haya hayakutokana na uungwana wa wahariri peke yake. Yalitokana na udhaifu wa karatasi yenyewe, yaani ufinyu wake na kutobadilika kwake. Basi karatasi ikiondoka, nayo huondoka, isipokuwa mtu ayajenge upya kwa makusudi. Katika kurasa hizi nitajaribu kuonyesha jambo hilo kwa ushahidi wa lugha, nikianza na kichwa cha habari, ambacho ndicho kisomwacho na wengi.

KICHWA CHA KARATASI

Mtu apitaye mbele ya meza ya muuza magazeti husimama, huvisoma vichwa vyote vilivyotandazwa, kisha huenda zake bila kununua kitu. Na hata hivyo huondoka na habari. Kadhalika, stesheni za redio na televisheni zina desturi ya kuvisoma vichwa hivyo hewani kila asubuhi, na msikilizaji aliyeko shambani au ndani ya daladala huona kwamba ameyasikia magazeti. Mambo haya mawili yawezekana kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba kichwa cha karatasi hujitosheleza.

Sura ya kichwa hicho ni ya pekee katika sarufi yetu. Katika mazungumzo ya kawaida, jambo linalotendeka hutajwa kwa -na-, na lililokwisha kutendeka hutajwa kwa -me- au -li-. Kichwa cha gazeti huviepuka vyote vitatu. Hutumia -a-, kiambishi ambacho E. O. Ashton katika sarufi yake ya mwaka 1944 alikiweka katika wakati uliopo usio dhahiri, na ambacho katika usemi wa watu wengi wa bara si rahisi kusikika. Hivyo twasoma: “Mvua yabomoa nyumba Kilosa”, “Wakulima wagomea bei ya korosho”, “Waziri awaonya wafanyabiashara”. Mifano hii, na mingine nitakayoitoa, nimeitunga mwenyewe kwa kufuata sura ambayo kila msomaji wa magazeti anaijua, ili asilaumiwe mhariri mmoja kwa jambo la wengi.

Kwa nini -a-? Jibu la kwanza ni la mtambo wa chapa. “Awaonya” ina herufi 7. “Amewaonya” ina herufi 9. Kwa mpanga herufi aliyekuwa na safu nyembamba na herufi kubwa za risasi, herufi mbili zilikuwa ni tofauti kati ya kichwa kinachoingia na kichwa kisichoingia. Lakini jibu la pili ni la maana. Kwa kuwa -a- haikulifunga tendo katika saa maalumu, kichwa kiliweza kusomwa asubuhi, jioni, au kesho yake, na bado kisiwe kimechakaa. Ufinyu wa safu ukakipa kiambishi kilichokuwa kikififia katika usemi makao mapya katika maandishi.

Na palipohitajika ufupi zaidi, kitenzi kiliachwa kabisa, na mahali pakafanya kazi yake: “Watatu kizimbani kwa wizi wa ng’ombe”, “Mganga mbaroni”. Neno “kizimbani” hapa halisemi tu mahali watu walipo. Lasema kwamba wamekamatwa, wameshtakiwa, na wamefikishwa mbele ya hakimu. Kiambishi cha mahali, -ni, kimebeba sentensi nzima mgongoni. Mtu akitaka kujua kama Kiswahili kinaweza kusema mengi kwa machache, hana haja ya kwenda mbali kuliko ukurasa wa mbele wa gazeti.

Sasa tuangalie jambo lililo chini ya sura hizo. Vichwa vyote nilivyovitaja, vyenye kitenzi na visivyo na kitenzi, vinadai jambo. Dai laweza kukubaliwa, na laweza kukanushwa. Mtu wa Kilosa aweza kusema: si kweli, mvua haikubomoa nyumba. Wakili aweza kusema: mteja wangu hakuwa kizimbani. Waziri aweza kuandika barua kwa mhariri akisema kwamba hakumwonya mtu. Kichwa kinachoweza kukanushwa ni kichwa kilichojitoa mhanga. Kimesema neno lake hadharani na kimekubali kushikwa nalo. Hilo ndilo pato la kwanza la ufinyu wa karatasi: kwa kuwa hapakuwa na nafasi ya kuzunguka, ilibidi kusema.

KICHWA CHA SKRINI

Habari zilezile zikiingia katika simu, mara nyingi huvaa nguo nyingine. “Alichokisema waziri kuhusu wafanyabiashara”. “Hiki hapa chanzo cha nyumba kubomoka Kilosa”. “Huyu ndiye mganga aliyezua gumzo”. “Kilichowakuta wakulima baada ya kugomea bei ya korosho”. “Fahamu mambo matano kuhusu mvua za mwaka huu”.

Kwanza, tazama kitenzi. Katika “Waziri awaonya wafanyabiashara” pana kiima, kitenzi na yambwa; ni sentensi. Katika “Alichokisema waziri kuhusu wafanyabiashara” hapana sentensi. Pana kishazi rejeshi kinachosimama mahali pa nomino, na nomino hiyo haiambiwi kitu. Tunajua kwamba liko jambo, kwamba jambo hilo limesemwa, na kwamba aliyelisema ni waziri. Jambo lenyewe, ambalo ndilo habari, limevuliwa likabaki -cho- tupu. Na si ajabu kwamba ngeli iliyochaguliwa ni ya KI-: ndiyo ngeli ya “kitu”, ambayo hutajia chochote kisichotajwa jina.

Pili, tazama umbo “alichokisema”. Yambwa imetajwa mara mbili katika neno moja, kwa -cho- na kwa -ki-. Sitaki kusema kwamba umbo hilo ni kosa. Wasemaji wengi hulitumia, na sarufi haiwakatazi. Lakini lina uzito kuliko “alichosema”, na uzito huo umetafutwa. Safu nyembamba ya zamani isingaliivumilia -ki- hiyo hata siku moja. Skrini huivumilia, kwa kuwa haina mpanga herufi anayehesabu.

Tatu, tazama wakati. Kiambishi -a- kimetoweka na -li- kimerudi: ali-, kili-. Haikuwa hiari ya mtu. Sarufi yenyewe imelazimisha, kwa kuwa “asemacho waziri” maana yake ni jambo alisemalo siku zote, si neno alilolitamka jana. Mara mhariri alipochagua kuificha habari kwa kishazi rejeshi, ilimbidi aiache na -a-. Hivyo badiliko la mauzo limezaa badiliko la sarufi, na kiambishi kilichopata makao katika vichwa vya magazeti kinaanza tena kutafuta pa kulala.

Nne, tazama viashiria. Katika Kiswahili, “hiki” huashiria kitu kilicho karibu na msemaji, na “hicho” hurejea kitu kilichokwisha kutajwa. Msomaji wa “Hiki hapa chanzo” hakioni kitu chochote karibu, wala hapana kilichotajwa nyuma. Kiashiria kinaashiria mbele, mahali ambapo msomaji bado hajafika. “Hapa” ya kichwa hicho si hapa. Ni kule, ng’ambo ya bonyezo moja la kidole, baada ya tangazo la biashara.

Wazee wetu waliijua sana sanaa ya kuficha jambo ili kuamsha hamu. Ndiyo sanaa ya kitendawili. Lakini kitendawili kina adabu zake. Mtegaji hutangaza kwanza: “Kitendawili!” Wasikilizaji humruhusu: “Tega!” Wakishindwa, humpa mji kwa hiari yao, naye huwapa jibu, na jibu huwa linastahili mji uliotolewa. Kila mmoja barazani anajua kwamba huu ni mchezo. Kichwa cha skrini ni kitendawili kisichotangazwa. Chavaa kanzu ya habari, chapokea mji kabla ya kutoa jibu, na mara nyingi jibu likija ni kwamba waziri alisema lile alilolisema mwezi uliopita.

Nimesema kwamba kichwa cha karatasi chaweza kukanushwa. Jaribu sasa kukikanusha kichwa cha “Alichokisema waziri”. Haiwezekani. Hapana aliyedai kitu. Mhariri akiulizwa atajibu kwa haki kwamba yeye hakusema lolote, aliashiria tu. Kwa maoni yangu hili ndilo jambo zito kuliko yote niliyoyataja. Urefu wa kichwa ni suala la mtindo, na kiambishi cha wakati ni suala la sarufi. Lakini gazeti linapoacha kudai, limeacha kazi yake.

SABABU NA UTETEZI

Yafaa tuwatendee haki wahariri. Hawakuamka siku moja wakaamua kuificha habari. Katika karatasi, msomaji alilipia gazeti zima kwa mara moja, na baada ya hapo kila kichwa kilikuwa jirani mwema wa mwenziwe katika ukurasa mmoja. Katika mtandao, kila habari yasimama peke yake kama mchuuzi barabarani. Husomwa mbali na wenzake, katikati ya picha za harusi na salamu za jamaa, na thamani yake kwa mwenye gazeti huhesabiwa kwa idadi ya waliobonyeza. Kichwa kinachojitosheleza, ambacho ndicho fahari ya gazeti la karatasi, katika hesabu hiyo ni hasara: msomaji amekipata alichokitaka, ameridhika, na hakubonyeza. Mhariri huadhibiwa kwa kufanya kazi yake vizuri.

Sababu ya pili yatoka nje ya magazeti. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza kutangaza mwaka 1957, na ile ya Deutsche Welle mwaka 1963. Kwa miaka mingi zilikuwa sauti tu. Mtandao umezifanya ziwe waandishi pia, na leo makala zao za Kiswahili husomwa bega kwa bega na za magazeti yetu. Sehemu ya makala hizo hutokana na matini za lugha nyingine, na pamoja na matini huja sura za vichwa: swali linaloanzwa kwa “Je”, mwito unaoanzwa kwa “Fahamu”, hesabu ya “mambo matano”. Si dhambi kwa lugha kukopa sura, kama vile si dhambi kukopa neno. Lakini mkopaji mwenye busara huuliza kwanza kama nyumbani hana kitu cha kufanyia kazi ileile.

Mtu aweza kunipinga kwa kusema kwamba hata karatasi ilijua kuficha. Ni kweli. Magazeti ya udaku yaliyoshamiri Tanzania tangu miaka ya 1990 yalijaa siri zilizofichuka na mambo yaliyowashangaza watu, na aliyetaka kujua siri yenyewe ilimbidi atoe shilingi zake. Hata hivyo pana tofauti mbili. Ya kwanza, udaku ulikuwa na magazeti yake, na mnunuzi alijua ameingia duka gani. Leo sura ile ya kichwa imehamia katika habari za bunge, za mahakama na za hospitali. Ya pili, katika karatasi kitendawili na jibu lake vilikuwa ndani ya kitu kimoja. Vilizeeka pamoja na vilihifadhiwa pamoja. Katika mtandao kichwa husafiri peke yake. Hupelekwa na watu wengi ambao hawajaisoma habari yenyewe, kwa watu wengine ambao hawataisoma kamwe. Kichwa kinachodai, kikisafiri peke yake, hubeba habari. Kichwa kinachoashiria, kikisafiri peke yake, hubeba shaka.

Na uko ushahidi kwamba wasomaji wenyewe wanaijua tofauti hiyo. Kila asubuhi picha za kurasa za mbele za magazeti ya karatasi hupigwa na kusambazwa katika simu. Maelfu ya watu ambao hawanunui karatasi wanaitafuta picha ya karatasi. Wanatafuta nini katika picha hiyo, ilhali tovuti ya gazeti lilelile i wazi mkononi mwao? Wanatafuta ukurasa ulio na mwanzo na mwisho, na vichwa vinavyosema. Meza ya muuza magazeti imehamia katika simu, ijapokuwa wenye magazeti hawakuihamisha.

TAREHE NA KOSA

Mapatano ya pili na ya tatu yaenda pamoja, nami nitayaeleza kwa pamoja. Mambo Leo, lililotolewa na serikali ya Tanganyika tangu Januari 1923, miaka 7 kabla ya kuundwa kwa Kamati ya Lugha ya mwaka 1930, lilikuwa shule ya washairi. Shaaban Robert ni mmoja wa waliochapisha humo. Mashairi ya majibizano yalistawi katika magazeti ya namna hiyo kwa sababu kila toleo lilikaa mahali pake. Mshairi wa Tabora aliweza kumjibu mshairi wa Tanga ubeti kwa ubeti baada ya mwezi au miwili, naye mtu wa tatu akaamua baina yao, kwa kuwa wote watatu walikuwa na maneno yaleyale mbele yao. Hapana aliyeweza kusema kwamba hakusema. Utamaduni mzima wa kujibizana kwa maandishi ulisimama juu ya kutobadilika kwa karatasi.

Kosa nalo lilikuwa na utaratibu wake. Neno likishapigwa chapa, mhariri hakuweza kulifuta. Aliweza jambo moja tu: kuchapa neno la pili, katika toleo la baadaye, akisema kwamba la kwanza halikuwa sawa, na kuomba radhi. Hivyo kosa na sahihisho vyote viwili vikabaki katika kumbukumbu, na msomaji wa baadaye aweza kuona lini gazeti lilikosea na lini lilijirudi.

Katika skrini neno hubadilishwa pale pale lilipo. Asubuhi habari yasema watu 12. Mchana yasema 9. Jioni jina la mtu limeondolewa, na msomaji wa usiku hana alama yoyote ya kumwonyesha kwamba matini aliyonayo ni ya nne. Hakika ni jambo jema kwamba kosa laweza kusahihishwa upesi. Mtu aliyetajwa kwa uwongo hana haja ya kungoja toleo la kesho. Lakini kusahihisha na kufuta si kitu kimoja. Sahihisho huongeza neno, ufutaji huondoa. Gazeti linalofuta bila kusema huwa halina kosa hata moja katika kurasa zake, na kwa ajili hiyohiyo haliwezi kuaminiwa kwa jambo lolote.

Pana pia mkono wa nje. Mwezi Oktoba 2024, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania ilizisimamisha kwa siku 30 leseni za maudhui ya mtandaoni za kampuni inayotoa Mwananchi na The Citizen. Magazeti ya karatasi yaliendelea kutoka. Sheria na siasa za jambo hilo zina mahali pake pa kujadiliwa. Kwa mtafiti wa lugha lina funzo moja: gazeti la karatasi na gazeti la mtandao, ingawa lina jina moja na chumba kimoja cha habari, si kitu kimoja mbele ya serikali wala mbele ya wakati. Moja laweza kuzimwa lote kwa siku moja. Jingine, likishatawanyika katika mikono ya watu, hapana awezaye kulirudisha.

USHAHIDI WA LUGHA

Msomaji aweza kuuliza: haya yote yatuhusu nini sisi wa kamusi na sarufi? Yatuhusu sana. Magazeti ni shamba ambalo wengi wetu tumevunia. Mkusanyo wa matini za Kiswahili wa Chuo Kikuu cha Helsinki, uliotayarishwa chini ya uongozi wa Arvi Hurskainen, ulikuwa na maneno yapatayo milioni 12.5 katika toleo lake la kwanza na milioni 25 katika la pili, na sehemu kubwa ya maneno hayo yatokana na magazeti. Hakuna kundi jingine la maandishi ya Kiswahili lililo kubwa hivyo, la kila siku hivyo, na lenye waandishi wengi hivyo. Na mashine za lugha za siku hizi, zinazoandika na kufasiri, hujifunza Kiswahili chao kutoka katika maandishi ya mtandao, ambamo magazeti yana fungu kubwa.

Kwa hiyo mtu atakayehesabu matumizi ya -a- katika miaka ya mbele atapata matokeo ya ajabu. Ataona kiambishi kikishuka ghafula, na aweza kudhani kwamba wasemaji wamekiacha, kumbe ni wahariri walioacha aina moja ya kichwa. Ataona “alichokisema” ikipanda, na aweza kuandika sura nzima juu ya yambwa kutajwa mara mbili. Ataona “hiki” ikiashiria mbele, na aweza kuiandikia kanuni mpya. Bila kujua habari za chombo, takwimu za lugha zitampoteza njia. Na bila tarehe za kuaminika na matini zisizobadilika, hataweza hata kuligundua kosa lake.

Zamani tulitunzwa na sheria. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni miongoni mwa zile zinazopokea kwa sheria nakala za maandishi yachapishwayo nchini, na mtafiti aliyetaka gazeti la miaka arobaini iliyopita alikwenda akalifunua, hata kama mchwa walikuwa wamemtangulia. Lakini habari iliyoandikwa kwa ajili ya skrini peke yake, ambayo haikupita katika karatasi, haiingii katika rafu hizo. Kampuni ikibadilisha tovuti yake, anwani za zamani hufa, na pamoja nazo miaka kadhaa ya nathari ya Kiswahili. Hivyo twaweza kufika mahali ambapo Kiswahili cha mwaka 1923 kinasomeka kuliko Kiswahili cha mwaka 2013.

YA KUFANYA

Sipendekezi kwamba magazeti yarudi katika karatasi. Aliyehama amehama, na skrini ina neema zake: nafasi isiyokwisha, sauti, picha zinazokwenda, na msomaji aliye mbali. Nasema tu kwamba mapatano yaliyotolewa bure na karatasi lazima sasa yatolewe kwa makusudi.

Kwa wahariri napendekeza kipimo kimoja chepesi, nacho ni hiki: kabla ya kukitoa kichwa, uliza kama kuna mtu awezaye kukikanusha. Kama hakuna, kichwa hicho hakijasema kitu, na kirudishwe kwa mwandishi. Kipimo hiki hakikatazi urefu. Skrini haina safu nyembamba, basi yafaa nafasi hiyo itumiwe kusema zaidi, si kusema pungufu: “Waziri awaonya wafanyabiashara wa korosho wasinunue kabla ya mnada” ni kichwa ambacho mpanga herufi wa zamani asingaliweza kukiingiza, na ambacho ni bora kuliko vyote viwili, cha zamani na cha sasa. Pia kila habari ionyeshe tarehe na saa mbili, ya kutolewa na ya kubadilishwa, na pale neno lilipobadilishwa, lisemwe ni neno gani.

Kwa maktaba na kwa watunga sheria napendekeza kwamba nakala ya kisheria isiishie katika karatasi. Gazeti likitoa habari katika mtandao, nakala ya matini hiyo, pamoja na tarehe yake, ipelekwe katika hifadhi kama ipelekwavyo ile ya karatasi.

Na kwa taasisi za uchunguzi wa Kiswahili, ambazo ndizo zisomazo kurasa hizi, neno langu ni kwamba tusingoje sheria. Mtafiti mmoja mwenye tarakilishi na utaratibu aweza kila siku kukusanya vichwa vya magazeti matatu au manne, vya karatasi na vya skrini, habari kwa habari, akaviweka pamoja na tarehe zake. Baada ya mwaka mmoja tutakuwa na maelfu ya jozi za vichwa vya habari moja vilivyoandikwa kwa vyombo viwili. Jozi hizo zitatuambia kwa hesabu yale ambayo mimi hapa nimeyasema kwa jicho tu: ni mara ngapi -a- imeachwa, ni magazeti gani yanadai na yapi yanaashiria, na kama habari za bunge zinafichwa zaidi kuliko habari za mpira. Vichwa vya leo vikishabadilishwa kesho, hapana maktaba itakayoturudishia.